Mtoto Asome Nini Likizo ya Juni? Mwongozo kwa Mzazi Asiyetaka Kugeuza Nyumba Kuwa Darasa

Shule za Tanzania zikifunga mwanzoni mwa Juni, begi linasukumwa chini ya kitanda na halionekani tena hadi Julai. Mwezi unaisha kwa kombolela, chandimu, katuni kwenye king'amuzi na safari ya kwenda kwa bibi. Sioni ubaya wowote hapo. Mtoto ameamshwa alfajiri tangu Januari, mwache apumue. Shida huja shule zikifungua, hasa kwa walio darasa la kwanza hadi la tatu. Yule aliyekuwa ameanza kusoma sentensi bila kukwama anarudi akiburuza silabi mojamoja, na mwalimu analazimika kuanza naye nyuma.

Marekani, ambako likizo ya kiangazi ni ya miezi miwili na zaidi, jambo hili limepimwa kwa muda mrefu. Mwaka 1996 mtafiti Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwepo wakakuta kwamba kwa wastani mtoto hupoteza kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na kwenye kusoma watoto wa familia maskini ndio waliorudi nyuma zaidi. Watafiti wa baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa hasara hiyo. Likizo yetu ya Juni ni fupi kuliko yao, lakini Desemba tunaingia nyingine, na ujuzi wa kusoma ambao haujakomaa hauhitaji muda mrefu kulegea.

Wazazi wengi wa mjini hukimbilia tuisheni. Ina kazi yake, hasa kwa darasa la saba anayeukabili mtihani wa Septemba. Ila tuisheni haimfundishi mtoto kufungua kitabu bila kuamrishwa, na hicho ndicho tunachokitafuta hapa. Mwaka wetu wa shule una mihula miwili, usimwongezee wa tatu sebuleni.

Hatua ya kwanza: msikilize akisoma kabla shule hazijafunga

Ripoti ya shule itakuambia amepata alama ngapi za Kiswahili. Haikuambii anasomaje. Chukua kitabu cha hadithi cha ngazi ya chini kidogo ya darasa lake, kaa naye pembeni, mwambie akusomee ukurasa mmoja. Dakika tano zinatosha.

Tumia ngazi zilezile walizotumia watu wa Uwezo, mradi wa kupima ujuzi wa kusoma na kuhesabu, walipopita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakipima watoto: silabi, maneno, aya, hadithi. Mtoto anayetamka "ma-ta-ta" kisha akashindwa kusema "matata" yuko kwenye silabi. Anayesoma neno zima lakini anasimama baada ya kila neno yuko kwenye maneno. Anayesoma aya bila kukwama, akitua penye nukta, amefika kwenye aya. Na aliyemaliza hadithi ndogo akafunga kitabu, akakueleza kilichotokea kwa maneno yake, huyo amefika. Unachotakiwa kumpa ni vitabu tu.

Usimwambie kwamba unampima. Mwambie unataka kusikia hadithi.

Ukishajua alipo, zungumza na mwalimu wake siku ya kufunga shule. Swali la maana ni moja: "Kwenye kusoma, anakwama wapi?" Walimu wengi wanalijibu vizuri kuliko wazazi wanavyotarajia, kwa sababu ni nadra kuulizwa. Kama shule ina kona ya vitabu, omba kuazima viwili vitatu kwa sahihi yako. Usipoviazima vitashinda kabatini mwezi mzima bila msomaji.

Hatua ya pili: tafuta vya kusoma, na usidharau chochote chenye maandishi

Kilio cha kwanza cha wazazi ni kwamba vitabu ni ghali. Ni kweli, ukienda kununua vipya kumi. Lakini kuna njia nyingine.

Maktaba za umma zipo. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam, ipo tangu 1967 na ina sehemu ya watoto. Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani pia. Nenda na mtoto mwenyewe, uliza ada ya uanachama na utaratibu wa kuazima. Hata msipoazima kitu, asubuhi moja kwa wiki ndani ya chumba kilichojaa vitabu na watoto wengine wanaosoma si haba.

Kwa vitabu vya mtumba, tembea taratibu mjini kwenye meza za wauzaji wa vitabu. Vingi ni vya Kiingereza, vingine vimechoka majalada, lakini bei inazungumzika. Pia mnaweza kubadilishana: familia nne za mtaa mmoja zikitoa vitabu vitano kila moja, mna maktaba ya vitabu ishirini bila kutoa senti. Andika majina ya wenyewe ndani ya jalada kabla hujavitoa, maana ugomvi wa vitabu kati ya majirani hauishi haraka.

Kwenye simu kuna hazina ambayo watu wengi hawaijui. African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, bure kabisa, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno ya kwanza hadi aya ndefu. Programu yake inakuruhusu kupakua hadithi ukiwa na bando na kuzisoma baadaye bila intaneti. StoryWeaver ya shirika la Pratham Books la India nayo ina hadithi za Kiswahili, na unaweza kuzishusha na kuzichapa. Pakua ishirini usiku mmoja, kisha zima data kabla hujampa mtoto simu. Usipozima, dakika ya tatu yuko kwenye video.

Halafu kuna maandishi ambayo yako mbele ya macho yetu kila siku. Gazeti la michezo lenye habari za Simba na Yanga ni somo zuri kwa mvulana wa darasa la nne anayesema hapendi kusoma. Mwambie akusomee kichwa cha habari, akutafutie nani kafunga bao, kisha aangalie msimamo wa ligi na akuambie timu yake iko nyuma kwa pointi ngapi. Kanga zilizoanikwa kwenye kamba ni usomaji mwingine: herufi kubwa, sentensi fupi, na mara nyingi kuna fumbo la kuuliza bibi. Ongeza ubao wa daladala, pakiti ya unga, maelekezo ya dawa ya mbu. Mtoto wa chekechea na darasa la kwanza hahitaji zaidi ya hayo, pamoja na vitabu viwili vya picha.

Vitabu vya kiada viache shuleni. Vina miezi mingine tisa ya kumkaba.

Hatua ya tatu: achague mwenyewe

Hapa ndipo wazazi wengi tunapoharibu. Tunanunua kitabu tunachoona kina maadili, tunamkabidhi, tunashangaa kikiota vumbi.

Watafiti Richard Allington na Anne McGill-Franzen walifanya jambo rahisi katika shule za watoto maskini jimboni Florida. Kila mwisho wa mwaka wa shule, kwa miaka mitatu mfululizo, waliwapa watoto vitabu 12 vya kwenda navyo likizo, na watoto wenyewe ndio waliochagua. Wengi walikimbilia vitabu vya waimbaji na nyota wa televisheni, vile ambavyo mwalimu asingeviweka kwenye orodha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliopewa vitabu walifanya vizuri zaidi katika kusoma kuliko wenzao wasiopewa, na waliofaidika zaidi walikuwa wale maskini kabisa. Hakuna aliyewafundisha wakati wa likizo.

Kwa hiyo mpeleke dukani au kwenye meza ya mtumba, mpe kiwango cha pesa, kisha simama pembeni. Akichagua kitabu cha majini, sawa. Akichagua cha magari chenye picha nyingi kuliko maneno, sawa. Akitaka kile alichokwisha kusoma mara tatu, sawa pia. Kurudia kitabu ndiko kunakoyafanya maneno yateleze mdomoni.

Ugumu wa kitabu upime kwa vidole vitano. Afungue ukurasa wa katikati, asome, akunje kidole kwa kila neno lililomshinda. Vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha, hicho ni kitabu cha kusoma naye, si cha kusoma peke yake. Kuna tahadhari kwa Kiswahili: mtoto wetu akishajua silabi anaweza kutamka karibu neno lolote, hata asilolielewa. Hesabu maneno ambayo hajui maana yake, si yale aliyoshindwa kutamka. Mtoto anaweza kusoma "akaghadhibika" vizuri kabisa, akaendelea mbele bila kujua kwamba mhusika amekasirika.

Hatua ya nne: weka wakati unaojulikana

Ratiba iliyochorwa kwa rula na kubandikwa ukutani hufa siku ya nne. Badala ya saa, tumia tukio ambalo lazima litokee: baada ya chai ya asubuhi kabla televisheni haijawashwa, au baada ya kuoga jioni wakati wali unasubiriwa. Robo saa kwa wadogo, nusu saa kwa wakubwa. Siku ya wageni au ya safari ikipita bila kusoma, haina deni.

Wazazi wengi wanashinda kazini na watoto wanabaki na dada. Usimbebeshe dada ualimu juu ya kufua na kupika. Anachoweza kufanya ni kulinda ile robo saa: televisheni isiwashwe mpaka vitabu viwe vimefunguliwa. Wewe sikiliza ukirudi. Ukichelewa kurudi, kuna ujumbe wa sauti: mtoto arekodi ukurasa mmoja kwa WhatsApp kupitia simu ya nyumbani, akutumie, nawe umjibu kwa sauti. Njia hii hufanya kazi vizuri pia kwa shangazi aliye mkoani au baba anayefanya kazi mbali. Mtoto akijua kuna mtu anangoja ukurasa unaofuata, hutamkumbusha.

Hatua ya tano: namna ya kumsikiliza

Hatua hii ndiyo inayobeba mzigo wote. Mtoto anaweza kuwa na rundo la vitabu na bado akachukia kusoma kwa sababu ya namna mtu mzima anavyokaa pembeni yake.

Tuseme anasoma: "Wazazi hawakumwambia Juma kwamba ng'ombe ameuzwa." Anafika kwenye "hawakumwambia" anakwama. Anasema "hawaku…" ananyamaza, anakutazama. Usiseme neno hilo kwa niaba yake. Vuta pumzi mbili ndefu. Asipoendelea, funika nusu ya neno kwa kidole: aone "hawaku" peke yake, kisha "mwambia" peke yake, kisha ondoa kidole. Maneno yetu marefu yamejengwa kwa vipande, na mtoto akishaviona hivyo mara kadhaa ataanza kuvikata mwenyewe. Akilipata neno, arudi mwanzo wa sentensi aisome yote kwa pumzi moja. Kurudi huko ndiko kunakorudisha maana iliyopotea wakati anapambana.

Anaendelea. Anatamka "ng'ombe" kwa mwanzo wa "ngoma". Badala ya kusema "umekosea", muulize: "Huyo ni mnyama gani?" Atacheka, atajisahihisha.

Sasa tofautisha makosa. Kitabu kimeandika "alikwenda", yeye akasoma "alienda". Nyamaza. Maana iko kamili, macho yake yanakimbia mbele ya mdomo, na hiyo ni dalili njema. Lakini kikiandika "alikwenda" naye akasoma "atakwenda", muulize: "Ameshakwenda, au bado?" Arudi aangalie. Sahihisha kinachoharibu hadithi, mengine yaache yapite. Ukisimamisha kila mstari, atakachokumbuka ni sauti yako.

Kwa mtoto aliye kwenye silabi au maneno, someni pamoja kwa sauti, yako ikitangulia kidogo na ya kwake ikifuata, kidole kikipita chini ya maneno. Akipata nguvu punguza sauti yako mpaka abaki peke yake. Kwa aliyefika kwenye aya, pokezaneni: ukurasa wako, ukurasa wake. Ukurasa wako usome kwa mbwembwe. Fisi awe na sauti ya fisi.

Mkimaliza, usimuulize "hadithi hii inatufundisha nini?" Ameulizwa hivyo darasani mwaka mzima. Sema maoni yako kwanza: "Huyu mjomba mimi simwamini." Utashangaa atakavyomtetea.

Kuna mbinu moja kwa mtoto wa darasa la tano au la sita ambaye bado anasoma kama wa darasa la pili na anaona haya kushika kitabu cha watoto. Mpe kazi ya kumsomea mdogo wake kila jioni. Kitabu sasa ni cha mdogo, si chake. Atajifungia chumbani kufanya mazoezi ili asiaibike mbele ya mtoto wa miaka minne.

Mtoto akienda kijijini

Safari ya kwa bibi mara nyingi huhesabiwa kuwa mwisho wa vitabu. Kwangu mimi ndiyo nafasi bora ya likizo nzima. Weka kwenye begi vitabu vitatu vyembamba, daftari la mistari, penseli mbili na kichongeo.

Bibi huenda hasomi, au macho hayaoni tena maandishi madogo. Anazo hadithi. Mpe mjukuu kazi: kila usiku bibi akisema "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!", yeye asikilize kwa makini, na kesho asubuhi aiandike hadithi hiyo kwenye daftari. Jioni amsomee bibi alichoandika. Bibi atamkatiza: sungura hakupitia huko, alipitia kisimani, na yule mzee alikuwa na wake wawili. Mtoto anafuta, anaandika upya, anasoma tena. Hapo kuna kusikiliza, kuandika, kusoma na kusahihisha, na wala hakuna aliyetaja shule. Asiyeweza bado kuandika achore picha, kaka yake aandike mstari mmoja chini yake.

Vitendawili navyo avikusanye, kimoja kwa ukurasa, jibu nyuma ya karatasi. Akirudi mjini toboeni daftari pembeni, mlishone kwa uzi, muweke jalada la boksi lenye jina lake kama mtunzi. Kitabu hicho kitasomwa kuliko vyote mlivyonunua.

Waliomaliza darasa la saba

Kwao likizo si mwezi mmoja. Mtihani unaisha Septemba, kidato cha kwanza ni Januari, na katikati wengi hupelekwa kozi za maandalizi ya sekondari kukariri noti. Kwa aliyesoma shule ya Kiswahili, kizingiti kinachomsubiri ni Kiingereza, kwa sababu masomo karibu yote ya sekondari hufundishwa kwa lugha hiyo. Mpe hadithi nyepesi za Kiingereza, nyepesi kuliko anavyotaka yeye. StoryWeaver na African Storybook zina hadithi ambazo zipo kwa lugha zote mbili: aisome kwanza kwa Kiswahili, kesho yake aisome ileile kwa Kiingereza bila kamusi. Kwa aliyetoka shule ya Kiingereza kazi ni ya upande wa pili. Wengi wao wanaongea Kiswahili kama maji lakini kukisoma kwa ukurasa mzima kunawachosha.

Akikataa katakata

Usimlipe pesa kwa kila ukurasa. Siku pesa ikikosekana na kusoma kutaisha, tena atajifunza kuruka kurasa. Usitumie kusoma kama adhabu ya kuvunja glasi. Na kabla hujamwita mvivu, angalia macho. Mtoto anayesogeza kitabu puani, anayeruka mistari, anayelalamika kichwa kila akisoma, mpeleke kituo cha afya apimwe. Miwani imewaponya "uvivu" watoto wengi. Kama macho ni mazima na bado hawezi kuunganisha silabi akiwa darasa la tatu, hilo ni la kuzungumza na mwalimu kwa uzito shule zikifungua, si la kulimaliza kwa kelele nyumbani.

Angalia pia nyumba yenyewe. Kama mtu mzima haonekani akisoma chochote zaidi ya simu, mtoto ataona vitabu ni kazi ya wadogo, kama kutumwa dukani. Kaa sebuleni na gazeti lako, kitabu chako cha dini, chochote, wakati wa robo saa yake.

Wiki ya mwisho

Mwishoni mwa Juni maonesho ya Sabasaba yanaanza Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Kama mnakwenda, mpe mtoto hela ya kitabu kimoja kabla hamjafika kwenye chipsi na maputo, maana mkishafika huko haitabaki. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani kwa azimio la UNESCO la mwaka 2021; jioni hiyo kila mtu nyumbani, dada na babu wakiwemo, asome au asimulie kitu kimoja kwa sauti. Rudisheni vitabu vya maktaba kabla ya siku yake ili msitozwe faini. Vya majirani pia. Halafu rudia kile kipimo cha mwanzo, kitabu cha ngazi ileile, ukurasa ambao hajausoma, na uandike pembeni ya ripoti yake alipofika: silabi, maneno, aya au hadithi. Siku ya kufungua shule mwonyeshe mwalimu.